Simu janja ya laini mbili kwa bei ya chini: kilichopunguzwa ili bei ishuke

Simu ya bei nafuu inapoingia sokoni, boksi lake hutangaza vitu vitatu kwa herufi kubwa: laini mbili, ukubwa wa kioo na ukubwa wa betri. Bei muuzaji ataitamka mwenyewe. Kile ambacho boksi halisemi, au linakisema kwa maandishi ya kuchungulia, ni kile kilichopunguzwa ili bei hiyo iwezekane. Wanaozisifu simu hizi wanasema zimemtoa mtu kwenye kiswaswadu, yaani kitochi cha vitufe, na kumpa WhatsApp, ramani na huduma za serikali mkononi. Wanaozilaumu wanasema zinaanza kuganda kabla hata mwaka haujaisha, kisha zinaishia kwenye droo. Yote mawili ni kweli, na mara nyingi ni kweli kuhusu simu ileile.

Laini ya pili yenyewe hatuna ugomvi nayo. Huku kwetu mtu habebi laini mbili kwa anasa. Bando la mtandao mmoja lina nafuu, lakini kijijini kwa wazazi unashika mtandao mwingine. Wateja wa dukani wengine wanalipa kwa M-Pesa, wengine kwa Airtel Money. Zamani dawa yake ilikuwa simu mbili mfukoni, au kufungua mfuniko kwa kucha, kutoa betri, kubadilisha laini na kusubiri simu iwake upya. Tecno, chapa ya kampuni ya Transsion iliyoanzishwa mwaka 2006, ilijijengea jina Afrika kwa kulielewa hilo mapema. Nokia ilichelewa: C1-00 ya mwaka 2010 ilikuwa na nafasi mbili za laini, lakini ilitumia moja tu kwa wakati. Kuhama mtandao bila kubadili namba, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, hakukuiondoa haja hiyo. Watu wengi hawakuwa wanataka kuhama. Walitaka kuwa kwenye mitandao miwili ndani ya siku moja, bando huku na pesa kule.

Ila mnunuzi aelewe anachonunua, kwa sababu laini mbili si redio mbili, redio ikiwa ni kile kifaa cha ndani kinachowasiliana na mnara. Simu nyingi za daraja hili zina redio moja inayogawana muda: inasikiliza mtandao wa kwanza, inaruka kusikiliza wa pili, inarudi, na mtumiaji haoni tofauti. Unapopokea simu kwenye laini moja, redio inabaki huko. Mtandao wa pili unaita, haujibiwi, na mteja wako anaambiwa hupatikani wakati simu unayo sikioni. Intaneti nayo, ikiwa iko kwenye laini ile nyingine, inasimama mpaka umalize kuongea. Mwenye bodaboda au duka la jumla anayepokea oda kwa simu anapoteza biashara hapa bila kujua kwa nini, kisha analaumu mtandao.

Dawa ipo, na haihitaji programu yoyote. Kutoka laini ya kwanza piga **62* ikifuatiwa na namba ya laini ya pili, kisha #. Fanya vivyo hivyo kutoka laini ya pili kwenda ya kwanza. Halafu piga *43# kwenye kila laini ili simu ya pili isikike ukiwa unaongea. Baada ya hapo, anayepiga laini isiyopatikana atahamishiwa kwenye ile unayoongelea. Kipande cha kuhamishwa unakilipia wewe kama unapiga mtandao mwingine, kwa hiyo weka salio. Ukitaka kufuta, piga ##62#. Ukiwa na laini ambayo huitumii eneo ulilopo, izime kwenye mipangilio ya laini badala ya kuiacha itafute mtandao usiokuwepo. Kutafuta huko kunakula chaji kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu simu hukaa na chaji siku nzima mjini na kuzima saa tisa alasiri ukiwa safarini.

Trei nayo iangalie kabla ya kulipa. Simu nyingi zina trei yenye vitanda viwili kwa wageni watatu: laini ya kwanza ina kitanda chake, ila laini ya pili na memori kadi zinagombea kimoja. Kwenye simu yenye hifadhi ya ndani ya GB 64 hilo halisumbui. Kwenye GB 16 linaumiza, kwa sababu mtu analazimika kuchagua kati ya namba yake ya pili na picha za watoto wake. Ndiyo maana kuna mafundi wanaopasha laini moto kidogo, wakabandua kipande cha dhahabu chenye chipu, wakakisaga kiwe chembamba na kukigundisha juu ya memori kadi. Inafanya kazi, kwa muda. Unene unaongezeka kwa sehemu ya milimita, na hiyo inatosha kuzipinda pini za kusomea zilizomo ndani. Siku ya kuvuta trei, gundi imelainika kwa joto, chipu inabaki ndani na pini zinang'oka nayo. Kuzibadilisha ni kazi ya kufungua simu yote na kuchomelea upya kwenye bodi, kwa gharama isiyoendana na simu yenyewe. Nunua ile yenye nafasi tatu zilizojitenga, hata kama kamera yake ni duni.

Tatizo kubwa zaidi ni hifadhi, inayotunza mafaili, na RAM, kumbukumbu ya muda ambayo simu hufanyia kazi. Boksi likisema GB 16, mfumo wa Android na programu zilizokuja nazo zinachukua karibu nusu kabla hujapakua kitu. WhatsApp inaweka picha, video na sauti zake kwenye hifadhi ya ndani, haikubali kuhamia kwenye memori kadi, na makundi mawili matatu ya familia na kanisa au msikiti yanatosha kujaza kilichobaki ndani ya miezi michache. Hifadhi za bei nafuu, zile za aina ya eMMC, zinapokaribia kujaa huwa nzito kuandika, kwa sababu kila data mpya inahitaji kwanza za zamani kupangwa upya. Hapo simu inaganda hata kwenye kupokea simu. Mwenye nayo anadhani ina virusi, anapakua programu ya "kusafisha" iliyojaa matangazo, na hali inazidi kuwa mbaya.

RAM inayotangazwa nayo ichunguzwe. Maandishi ya "RAM hadi GB 4" mara nyingi humaanisha GB 2 halisi, na GB 2 nyingine zilizokopwa kutoka kwenye hifadhi ileile tuliyosema inajaa. Hifadhi ni polepole mara nyingi kuliko RAM, na kuitumia kama RAM kunaichosha. Sioni ubaya wa teknolojia yenyewe. Ubaya ni kuijumlisha kwenye boksi kana kwamba ni kitu kimoja.

Watengenezaji wana utetezi wao, na haufai kupuuzwa. Faida kwenye simu ya namna hii ni ndogo mno, na kila dola inayoongezwa kwenye memori inaondolewa kwenye betri au kioo. Mnunuzi dukani anashika simu, anapiga selfi, anauliza chaji inakaa siku ngapi. Ni wachache wanaouliza aina ya hifadhi. Google nayo ilijaribu kulipunguza tatizo kwa Android Go, iliyotoka Desemba 2017 kwa ajili ya simu za RAM ya GB 1 au chini yake, ikiwa na programu nyepesi zaidi. Kwa mtu ambaye angebaki na kitochi, simu hiyo ni hatua ya kweli. Hata hivyo Google yenyewe ilipofika Android 13 iliweka GB 2 kuwa kiwango cha chini cha toleo la Go. Waliotengeneza mfumo mwepesi wakisema GB 1 haitoshi, muuzaji anayeendelea kuisifu simu mpya ya GB 1 anakuuzia mzigo uliomshinda hata aliyetengeneza mfumo.

Kuhusu masasisho, yaani matoleo mapya ya mfumo yanayotumwa kwenye simu iliyokwisha kuuzwa, ipo historia inayojibu hoja kwamba kwa bei hii hayawezekani. Septemba 2014, India, Google ilizindua Android One, mpango wa simu za bei nafuu zinazosasishwa na Google yenyewe, kwa simu tatu za laini mbili: Micromax Canvas A1, Karbonn Sparkle V na Spice Dream Uno. Zilianzia rupia 6,399, zikiwa na RAM ya GB 1 na hifadhi ya GB 4 tu. Agosti 2015 zamu ikafika Afrika kwa Infinix Hot 2, kwa takriban dola 88, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Kibiashara mpango ule wa mwanzo haukufua dafu. Google ilichagua vipuri, kampuni zikakosa cha kujitofautisha nacho, mauzo India yalianzia mtandaoni na kuwaudhi wenye maduka, na washindani wakaleta simu zenye vipimo vikubwa kwa bei zilezile. Lakini zile simu tatu zilitoka na Android 4.4 na zikasasishwa hadi Android 6.0. Mwanzoni mwa mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4. Simu nyingi za umri wao ambazo hazikusasishwa zilikatika siku hiyo, huku zile za rupia 6,399 zikiwa bado ndani ya mstari. Kwa hiyo masasisho yanawezekana kwa bei ya chini, akipatikana mtu wa kuyagharamia. Soko liliamua kwamba mtu huyo hayupo, na gharama ikahamia kwa mnunuzi, anayeilipa mwaka wa pili au wa tatu kwa kununua simu nyingine.

Jambo hili linakuwa zito zaidi pale simu inapochukuliwa kwa mkopo. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: shilingi 1,000 za kuanzia, kisha shilingi 20 kwa siku, na simu hujifunga usipolipa. Kwa mama wa mboga asiyeweza kutoa shilingi 6,000 kwa mkupuo, huo ni mlango uliokuwa umefungwa. Tunaupinga upande mmoja tu: mkopo wa miezi mingi usiwekwe kwenye simu ambayo memori yake itajaa kabla deni halijaisha. Kulipia kila siku kitu kinachoganda kila siku kunamvunja mtu moyo, na anayeacha kulipa anafungiwa simu iliyokuwa tayari imemwelemea.

Serikali nazo zina mkono kwenye bei. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu mwaka 2009, ikairudisha mwaka 2013. Oktoba 2023 ikafunguliwa Athi River karakana ya kuunganishia simu, iliyotoa Neon Smarta kwa shilingi 7,499 na Neon Ultra kwa 8,999. Rwanda ilitangulia mwaka 2019 na Mara Phones, zilizouzwa kati ya dola 130 na 190, bei ambayo mnunuzi wa simu ya dola 50 hakuweza kuifikia. Kuunganisha nyumbani kunaleta ajira na vipuri karibu. Kunashusha bei kidogo tu, kwa sababu bodi, kioo na chipu bado vinatoka Asia.

Kwa anayenunua mwezi huu, msimamo wetu ni huu: RAM halisi GB 2 na hifadhi GB 32 ndiyo chini kabisa, na kama fedha inaruhusu, GB 3 na 64. Kama haifiki hapo, kiswaswadu kizuri cha laini mbili na akiba ya miezi miwili kitakufaa kuliko simu janja ya GB 1. Angalia chipu kuu pia, ule ubongo wa simu. Yenye Unisoc SC7731E haitashika 4G kamwe, hata bango liseme nini, kwa sababu ni ya 3G. Uliza bendi, yaani masafa ya mawimbi ambayo simu inashika: Safaricom, kwa mfano, inatumia MHz 800 na 1800 kwa 4G, na simu iliyotengenezewa soko lingine bila bendi ya 20, ile ya MHz 800, itakwenda vizuri mjini na kushuka ukitoka nje.

Ukiwa dukani, piga *#06#. Simu ya laini mbili lazima ioneshe namba mbili za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, na zote zifanane na za kwenye boksi. Tanzania, tuma IMEI kwa SMS kwenda 15090 na usome jina la simu linalorudi. Simu bandia zilizimwa Juni 2016, na kulia baada ya kulipa hakukumsaidia mtu. Weka laini zako zote mbili pamoja na memori kadi kwa mkupuo mmoja, uone kama trei inazikubali. Kisha ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya kuhusu simu, na utafute tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa tarehe hiyo imepita mwaka mzima huku kioo bado kina nailoni yake ya kiwandani, irudishe kwenye boksi na umwombe muuzaji nyingine.