Tukimfukuza shule, tunamkabidhi nani?

Barua ya kwanza ilikuwa ya wiki mbili. Ya pili, wiki tatu. Ya tatu haikutaja muda; ilisema mzazi amtafutie mwanawe shule itakayomfaa. Dada yangu aliniletea barazani ikiwa imekunjwakunjwa mpaka pembe moja imechanika. Nikaisoma, nikarudia, kisha nikamuuliza mpwa wangu, aliyekuwa nyuma ya mamake akibandua chokaa ya ukuta kwa ukucha: "Shule hiyo ya kukufaa iko wapi?"

Hakujibu. Na kusema kweli, swali halikuwa lake.

Nimeitafuta shule hiyo, inayomfundisha mtoto na kumtibu ghadhabu yake mahali pamoja; wenyewe huiita shule ya tiba. Nimeuliza hapa Amu, mji wa Lamu, nikavuka maji mpaka Mokowe, nikapiga simu Mpeketoni. Ukiwa na mtoto kiziwi, utaelekezwa. Ukiwa na asiyeona, utaelekezwa. Mwenye ulemavu wa akili ana vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida, ingawa havitoshi. Lakini barobaro wa miaka kumi na minne, mzima wa viungo, hesabu anaziweza, ila akipandwa na ghadhabu anavunja dawati na kumtukana mwalimu mbele ya darasa zima, huyo utaambiwa mambo mawili tu: mtie adabu, au mtoe.

Baba yake alikuwa mvuvi. Alipotea baharini msimu wa kusi, mtoto akiwa na miaka kumi. Mwili haukuonekana. Tulimsalia sala ya maiti ya ghaibu, dada akakaa eda, na sisi wakubwa tukarudi kwenye shughuli zetu. Mtoto akawa anashuka gatini kila alasiri kutazama mashua zinazoingia. Tuliona, tukasema atazoea. Kaburi la kwenda kusoma Yasini hana, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkalisha chini akamwambia kwa maneno wazi kwamba baba harudi.

Tulipoitwa shuleni mara ya kwanza, kikao kilianza kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikaitikia kwa kichwa. Jioni ile ile nilimpiga, uwani, kwa kipande cha kamba ya mashua, na najuta mpaka leo. Kesho yake alivunja kioo cha dirisha shuleni. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku bakora shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza mwanafunzi asipigwe wala asiteswe kisaikolojia. Lakini hata kama sheria ingeruhusu, mimi nimeshika kamba na nimeona matokeo yake. Mtoto hakuacha chochote. Alichojifunza ni kwamba hata mjomba si mtu wa kukimbiliwa.

Dada alimpeleka kwa ustadhi mmoja, akamwandikia kombe, yaani aya za Kurani sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, akamwambia anywe siku saba. Wako watakaocheka. Mimi sicheki, kwa sababu mzee yule ndiye mtu wa kwanza kumuuliza huyu mtoto anaota nini usiku. Akajibiwa: naota maji yanaingia chumbani.

Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua wenzetu wanafanyaje na vijana wa namna hii, maana haiwezekani wawe wamezaliwa Lamu peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema mmoja kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa la wanafunzi arobaini na tano, uhesabu mwenyewe.

Marekani walipitisha mwaka 1975 sheria ya kumpa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya bure inayomfaa, na tangu mwanzo matatizo makubwa ya kihisia yalihesabiwa humo. Kila mtoto wa kundi hilo huandikiwa mpango wake mwenyewe, wenye malengo yanayopitiwa angalau mara moja kwa mwaka. Kuna kifungu kimoja nilikisoma mara tatu: shule ikitaka kumwondoa mtoto kama huyo kwa utovu wa nidhamu zaidi ya siku 10 za masomo, lazima wakae pamoja na mzazi waulizane kama kosa lile limetokana na tatizo lake. Likiwa limetokana nalo, kwa kawaida anarudishwa shuleni na mpango wake unatazamwa upya. Mpwa wangu alipoteza wiki tano, na katika barua zote tatu hakuna mstari uliouliza kwa nini.

Uingereza nao wamepitia majina. Mwaka 1945 watoto hawa waliitwa kwa neno lenye maana ya wasiolingana na mazingira yao, kana kwamba mazingira hayana kosa. Tangu 2014 mwongozo wa serikali kwa shule za Uingereza unasema wana mahitaji ya kijamii, ya kihisia na ya afya ya akili. Jina halimponyi mtu, lakini mtoto anayeitwa mwenye mahitaji hutafutiwa mahitaji yake. Anayeitwa mtukutu hutafutiwa fimbo.

Shule hizo za tiba zenyewe si mahali pa kudekeza. Nilidhani hivyo, nikakosea. Masomo ni yale yale, na kosa lina matokeo yake. Tofauti ni kwamba darasa lina wanafunzi wachache, na mshauri wa kitaalamu yumo humo humo shuleni, si mtu wa kuja siku ya sherehe akahutubia. Asubuhi mtu mzima yule yule wa jana anampokea mtoto mlangoni, anamtazama usoni: amelala huyu? amekula? Kuna chumba cha kutulia ambacho mtoto anafundishwa kukiomba kabla hajalipuka. Familia inahusishwa, na lengo ni kumrudisha shule ya kawaida akiwa tayari.

Kilichonishika zaidi ni daftari. Mtoto akizusha jambo, mwalimu haandiki tu "amevunja dawati". Anaandika mambo matatu: kilichotangulia, alichotenda, kilichofuata. Nilimwomba mwalimu mmoja kijana, Mungu amjaze kheri, tujaribu wiki tatu kabla ya barua ile ya mwisho. Yeye aandike ya shuleni, mimi ya nyumbani, Ijumaa baada ya sala tulinganishe.

Ilituchukua Ijumaa mbili kuanza kuona. Karibu kila mara, kilichotangulia ni mtu mzima kumpigia kelele toka mbali, mbele za watu. Akifuatwa karibu na kusemeshwa chini chini, husikia. Tena kilichofuata mara nyingi ni kutolewa darasani, na kutoka darasani ndiko alikokuwa akikutaka. Kwa hiyo kila alipovunja kitu tulimpa alichotaka, tukaita adhabu.

Na lile dawati? Tulirudi nyuma tukauliza wenzake. Ilikuwa siku ya kujaza fomu. Kila mwanafunzi alitakiwa asimame ataje nambari ya simu ya baba, mwalimu aandike. Wakaanza safu ya mbele, na yeye hukaa nyuma kabisa. Alikaa akisikiliza nambari za baba za watoto thelathini na kitu zikimjia moja baada ya moja, mpaka zamu ikafika kwake. Simlaumu mwalimu, alikuwa na fomu za kumaliza. Lakini hebu kaa wewe kwenye dawati lile.

Wasichana ni shida nyingine, maana wao aghalabu hawavunji kitu. Wananyamaza. Msichana aliyenyamaza darasani mwaka mzima husifiwa ana haya, kisha siku moja hayupo, na ukiuliza unaambiwa ameposwa. Shule ninayoisema ingewatafuta hao kabla ya kuwapokea wavunja madirisha.

Watu wanauliza kama Lamu tuna watoto wengi wa hivyo. Juni 2014 Mpeketoni iliposhambuliwa, waliuawa watu zaidi ya 60 kwa siku mbili, hapo na maeneo ya karibu. Mtoto aliyekuwa na miaka minne usiku ule leo ni barobaro. Vijiji vya kuelekea msitu wa Boni vimeishi na hofu miaka mingi, shule zikifungwa na kufunguliwa. Huhitaji takwimu kujua kuwa hofu ile haikwenda na upepo.

Serikali yenyewe imekubali kwenye karatasi. Sera ya elimu maalumu ya 2009 inataja wazi watoto wenye matatizo ya kihisia na kitabia katika orodha ya wenye mahitaji maalumu, pamoja na viziwi na wasioona. Vituo vya kupima watoto na kuwaelekeza vilianza nchini 1984, na taasisi ya kufundisha walimu wa elimu maalumu, KISE, ikaanzishwa 1986. Kwa hiyo sidai jambo geni.

Kinachotukwamisha, kwa ninavyoona mimi, ni milango miwili. Kwa Katiba ya 2010, shule za msingi na sekondari ziko mikononi mwa serikali kuu, na mwalimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Afya, isipokuwa hospitali kuu za rufaa, ni ya kaunti. Nikienda kaunti naambiwa hilo ni la elimu, nenda kwa wakubwa wa wizara. Nikienda kwa watu wa wizara naambiwa mshauri wa afya ya akili ni wa kaunti. Mtoto mwenye ghadhabu anahitaji mwalimu na mshauri katika chumba kimoja, nao wana waajiri wawili wasiokaa meza moja.

Wakati wao hawajakaa, kuna wanaompokea. Muuza unga, yaani dawa za kulevya, hafukuzi mtu, wala haitishi nambari ya simu ya baba. Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia walionaswa na heroini. Nenda ukawaulize waliacha shule wakiwa na umri gani. Au mlango utakaofunguka ni wa mahakama: shule ya kurekebisha tabia ya Likoni, au Borstal ya Shimo la Tewa, kifungo cha vijana wenye makosa. Huko kijana hufika kwa amri ya hakimu, mbali na mamake, safari ya mashua kisha basi kutwa nzima. Kwa nini msaada uanze baada ya kesi?

Wala sitaki mtu atuletee jengo la ukuta mrefu akaliita shule ya tiba. Marekani hiyo hiyo, baadhi ya vituo vya kulipisha wazazi vya vijana wakorofi vimewafungia watoto na kuwadhulumu, mpaka Desemba 2024 ikatiwa saini sheria ya kukabiliana na dhuluma katika vituo vya aina hiyo. Mahali ambapo mzazi haruhusiwi kuingia bila taarifa, mimi simpeleki mwanangu.

Kwa sasa mpwa wangu yuko Matondoni kwa fundi wa majahazi. Anakalafati, yaani anaziba nyufa za chombo. Nilikwenda wiki iliyopita nikakaa kivulini nimtazame: anachovya pamba mafutani, anaisokota, anaiingiza kwenye mwanya wa mbao mbili, anaigonga kidogokidogo kwa patasi butu na nyundo, hatua kwa hatua, mpaka ubao ukaisha. Saa nzima hakuinua kichwa. Fundi huongea naye kwa sauti ya chini, kwa sababu ndivyo alivyo. Nilimuuliza kama mtoto amewahi kumletea fujo. Akasema mara moja, akamwambia akatafute kwenye mikoko tawi lililopinda sawasawa na taruma, ubavu wa chombo, lililokuwa likihitajika. Alirudi magharibi nalo.

Nashukuru, ila siridhiki. Mtoto yule alikuwa akipata alama nzuri za hesabu, na kule hakuna anayemfundisha hesabu. Fundi amempa nusu ya shule, na nusu nyingine tunadaiwa sisi.

Ninachoomba ni chumba kimoja, wanafunzi wanane, walimu wawili waliosomea kazi hii, na mshauri wa kaunti wa kuja siku mbili kwa wiki. Chumba nimeshakiona. Kiko nyuma ya shule ile ile iliyoandika barua, wamekigeuza ghala. Nilikipima kwa hatua: saba kwa tano, madirisha mawili yanayopokea upepo wa bahari. Ndani mna madawati mabovu yamepandana mpaka darini. Lake nililitambua, juu kabisa, limetoka mguu mmoja tu.