Roboti ya mstari mweusi imetosha

Kila mwaka ni yaleyale. Mwanafunzi wa uhandisi mitambo anafika kwenye somo la mekatroniki, yaani mitambo inayoongozwa na elektroniki na programu, ananunua bodi ya Arduino (kikompyuta cha kuongozea vifaa), vimota viwili na magurudumu ya plastiki, anabandika mkanda mweusi sakafuni, roboti inaufuata, watu wanapiga makofi. Yangu ilipata alama nzuri. Baada ya hapo ilipandishwa juu ya kabati, na sidhani kama kuna aliyeifuta vumbi.

Siku hizi kazi inanipitisha sana kwenye mashine za kukamua alizeti, huku Kongwa na kule Singida. Katika mojawapo nilimkuta kijana amekaa kando ya faneli ya mbegu. Kazi yake ni kusikiliza. Mlio ukiwa mzito, anabana kilango kwa mkono mbegu zipungue. Ukiwa mwepesi, anaachia. Akisinzia, skrubu inayokamua mbegu inakwama, mkanda unateleza na kutoa moshi, na siku mbaya mota inaungua msimu ukiwa katikati.

Mekatroniki ndiyo hiyo, imekaa kwenye kigoda. Mota ikielemewa huvuta umeme mwingi zaidi. Weka sensa ya kupima ampea, programu fupi, na kimota cha kusogeza kilango. Ila subiri. Mbegu ulizokwisha kuziachia bado ziko ndani ya skrubu. Sensa inapopiga kelele umeshachelewa, kwa hiyo programu inabana kupita kiasi, halafu inafungua kupita kiasi, mashine inayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Kuituliza kunahitaji zile hesabu za kuyumba kwa uzito kwenye springi tulizoandikiwa ubaoni, tukazifaulu, tukazisahau.

Wapo wanaosema mtu wa mitambo abaki na vyuma vyake, umeme una wenyewe. Neno mekatroniki lenyewe lilibuniwa mwaka 1969 na Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa huko Japani, kwa kuunganisha mitambo na elektroniki. Mitambo ikitangulia, mtaniruhusu nikumbushe. Tena ile roboti yangu ilikuwa inavuta kushoto. Tulikesha usiku mbili tukibadilisha programu, hadi fundi wa karakana alipozungusha gurudumu moja kwa kidole na kucheka: shafti ilikuwa imepinda.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti, ningeomba mashine moja kuukuu ya alizeti iletwe karakana ya chuo, wanafunzi wa mwaka wa tatu wapewe magunia na muhula mzima. Mafuta yatamwagika, fyuzi zitaungua, na mashudu yatapata wateja wenye kuku. Bodi ni ileile waliyozoea kuinunua.

Nilimweleza yule kijana wazo langu, kwa majigambo kidogo, nikidhani ataogopa kupoteza kibarua. Hakuogopa. Aliuliza, "Sasa kaka, umeme ukikatika, hicho kilango kitafungwa na nani? Maana ukirudi, mashine haiwaki ikiwa imejaa."

Sikuwa nimelifikiria. Nilikaa kwenye kigoda chake nikachora kwenye vumbi: kimota kishikilie kilango kikiwa wazi, na umeme ukikata, springi ikifunge.