Rajinikanth Karudi, na Bosi Wangu Kaninyima Ruhusa

Nianze na huyu bosi wetu. Agosti 2023, joto la Maskati linatuchemsha, mie karani wa bohari nimeandika barua ya heshima, salamu juu na saini chini, naomba Alhamisi tarehe 10 nitoke adhuhuri. Kauliza sababu. Nimemwambia kweli: inatoka *Jailer*, filamu mpya ya Rajinikanth, yule nyota mkubwa wa filamu za Kitamili, India Kusini. Kavua miwani, kavaa tena, kasema, "Wewe si una wajukuu?"

"Na Rajinikanth naye anao," nikamjibu. Ndiyo ikawa mwisho wa mazungumzo na mwisho wa ruhusa.

Kumbe siku hiyohiyo, huko Chennai na Bangalore, yako makampuni yaliyofunga ofisi makusudi. Wafanyakazi wamepewa mapumziko, wengine na tikiti za bure juu! Mie nahesabu katoni za sabuni. Na mwenyewe Rajinikanth wala hakukaa kungoja watu watasemaje; filamu inatoka kesho, yeye leo kapanda ndege kaenda zake Himalaya kutulia. Mtu anayejiamini ndivyo anavyofanya. Mie nikituma ripoti ya bohari nakaa na simu mkononi mpaka usiku.

Nyumbani nako ndiyo usiseme. Mama watoto kanisikia naulizia tikiti, kacheka mpaka kajishika mbavu. "Mzee wa miaka 72 anapiga watu! Na wewe ukiinama kuvaa kiatu unaita watoto wakuinue." Sasa hapo kosa la Rajinikanth liko wapi? Goti ni langu.

Watu hawaelewi. Mapenzi haya hayakuanza jana. Tangu Unguja, enzi za kanda za video, tumekodi *Hum* ya mwaka 1991, sebule imejaa, watoto wamebanana mkekani, kila mtu macho kwa Amitabh Bachchan. Mie jicho langu likamganda yule mdogo wake, yule polisi. Anatembea kwa kasi kama kasahau kitu jikoni, nywele zinaruka, akigeuza shingo tu unajua kuna mtu atajuta. Nauliza huyu nani, naambiwa nyamaza tuangalie. Ni Rajinikanth, jamani! Kijana aliyekuwa konda wa basi Bangalore, akaenda Madras kusomea uigizaji, na tangu 1975 hajashuka kwenye skrini. Konda! Mie makonda niliowajua walikuwa wanajua kitu kimoja tu, kusahau chenji yangu.

Basi tangu hapo nikawa wake. Kitamili sijui hata neno la kuombea maji, lakini *Baashha* ya 1995 nimeiangalia mpaka kanda ikaanza kukwaruza: dereva wa riksho mpole, anaonewa, anainamisha kichwa, kumbe zamani alikuwa mtu wa kuogopwa Bombay. Kila bosi akinifokea najiambia na mie ninayo yangu ya zamani, subirini. Sina. Lakini inasaidia.

Miaka ya karibuni lakini tumedhalilika. Filamu zake *Darbar* mwaka 2020 na *Annaatthe* mwaka 2021, wenye midomo wakasema basi, mzee aende akapumzike. Mwishoni mwa 2020 alilazwa hospitali Hyderabad, na siasa alizokuwa ametangaza kuingia akaziacha kwa ajili ya afya yake. Sasa hii mpya kapewa mwongozaji Nelson, ambaye filamu yake iliyotangulia nayo ilikuwa imesemwa vibaya. Mhasibu wetu, Mtamili wa Madurai ambaye ofisi nzima tunamwita Anna, yaani kaka kwa Kitamili, alikuwa anafunga mahesabu huku midomo inacheza kwa dua.

Tumetoka kazini mbio, tumeingia maonyesho ya usiku. Ukumbi umefurika. Anna, mtu ambaye mwaka mzima sijamsikia akipandisha sauti, kavua kanda mbili kapanda juu ya kiti. Jina lake la sifa Rajinikanth, Superstar, linatokea herufi moja moja kwenye skrini, na kila herufi ina kelele zake. Tafsiri ya Kiarabu iko chini ya picha, lakini mbele yangu jamaa mmoja mwenye kichwa kipana kasimama anacheza, kwa hiyo nusu ya kwanza nimeifuata kwa kubahatisha.

Wala haikuhitaji tafsiri. Rajinikanth ni babu, mkuu wa jela mstaafu. Yuko nyumbani, mjukuu anamburuza amsaidie kurekodi video zake za mtandaoni, mwanawe ndiye polisi mwenye sauti. Babu anatumwa huku na kule, hana neno. Nikasema huyu ni mie! Huyu ni mie kabisa, mpaka na kile kikohozi cha kuomba nafasi ya kupita.

Halafu mwanawe anapotea, na babu anaanza. Ngoma za Anirudh, mtunzi wa muziki wake, zimenitikisa kitambi. Na uzuri wake, hakuruka, hakupiga sarakasi za uongo. Kakaa. Anakaa tu kitini, anavaa miwani, anatabasamu upande mmoja, wengine wanaanguka. Ukumbi mzima umesimama, sarafu na vipande vya karatasi vinaruka. Kafika Mohanlal, nyota wa Kerala, Wamalayali wote wa Maskati wakapiga kelele zao. Kafika Shivarajkumar, nyota wa Karnataka, kona ya Wakannada nayo ikaamka. Mie nimepiga mluzi mpaka jino la bandia likalegea.

Baadaye tukasikia filamu imeingiza fedha za kutisha, na mwenye kampuni iliyoitengeneza kampa Rajinikanth hundi na gari la BMW. Nikaipeleka habari hiyo kwa bosi, nimeiweka mezani kwake polepole, labda itamgusa. Kanipa kalenda. Ya mwaka ule ule, na Agosti ilikuwa imeshakwisha.

Ijumaa asubuhi ile nilipokuwa nasimulia nyumbani, mama watoto kanipa mgongo anachambua mchele, anaguna tu. Nikataja waliomo: Ramya Krishnan, Tamannaah, Vinayakan, Jackie Shroff.

Mkono ukasimama. "Jackie Shroff gani? Yule wa *Hero*?"

"Yule yule."

"Yuko vipi siku hizi? Masharubu anayo?"

Mchele umeachwa. Kaingia ndani, katoka na baibui jipya, lile la harusini, na manukato yamemtangulia mlangoni. Ananiuliza maonyesho ya jioni ni saa ngapi na kwa nini bado sijavaa. Sikumwambia kwamba Jackie anatokea kidogo tu. Wakati wa mapumziko akiniuliza Jackie kafika wapi, nitamwambia yuko njiani, kanunue juisi.