Dramu za mashine au za mtu? Porcupine Tree ya mwaka 1993

Mwanamuziki Steven Wilson alipotoa albamu ya Up the Downstair mwaka 1993, bendi yake Porcupine Tree ilikuwa bado mradi wa mtu mmoja nyumbani kwake Hemel Hempstead, Uingereza. Gitaa, vinanda na uimbaji karibu vyote ni vyake, wageni wakiwa wachache, kama Richard Barbieri na Colin Edwin. Dramu zilikuwa za mashine. Mwaka 2005 albamu ikatolewa upya, na badala ya mashine anasikika Gavin Harrison, aliyekuwa tayari mpiga dramu wa bendi. Wapenzi wa roki hii ya kielektroniki bado wanabishana kama ilistahili.

Wanaotetea mabadiliko wana hoja nzito. Katika MIDI, lugha ya kidijitali inayoamuru mashine za muziki, nguvu ya pigo hupimwa hadi 127. Ukipiga snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) zote kwa 110, sikio linachoka mapema. Unaweza kubadilisha nguvu na kusogeza mapigo milisekunde chache, lakini matoazi yatakuumbua: toazi halisi likipigwa tena huwa bado linavuma, na pigo jipya huongezeka juu ya mvumo huo, ilhali sampuli, yaani sauti iliyorekodiwa ambayo mashine huicheza, mara nyingi huanza upya kila inapopigwa. Kwenye wimbo wa gitaa kama Always Never, kasoro hiyo ni kubwa, na Harrison ameuinua.

Ila muziki huu ulitungwa ukiegemea mashine, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwangwi wa gitaa hupangwa kwa kasi ya wimbo: gawanya 60,000, yaani milisekunde za dakika moja, kwa idadi ya mapigo ya dakika. Kwa kasi ya 120, pigo moja ni milisekunde 500 na robo yake, inayotumiwa sana na sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki), ni 125. Mpiga dramu akichelewa milisekunde 20 au 30, hata kwa makusudi ili wimbo utulie, mapigo mawili, la dramu na la mwangwi, yanasikika pale palipotakiwa moja. Harrison ana usahihi mkubwa, kwa hiyo kwake hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba mapigo yake madogomadogo ya snea hujaza mapengo ambayo mwangwi ulikuwa unayahitaji. Isitoshe, Wilson wa miaka hiyo alikuwa karibu sana na muziki wa dansi wa kielektroniki. Singo yake Voyage 34 ya mwaka 1992, yenye sehemu mbili ambazo kwa pamoja ni karibu nusu saa, inamzamisha msikilizaji kwa sababu pigo halitikisiki.

Kwa hiyo naona wimbo uliobeba jina la albamu, wa dakika kumi, ulifaa kuachiwa mashine yake.

Anayerekodi peke yake leo ahifadhi kila chombo kivyake, faili zote zikianzia sekunde ya sifuri, aandike kasi, na gitaa lisilo na mwangwi alitunze pembeni. Mwangwi ukishaganda ndani ya gitaa, hata mpiga dramu hodari atabanwa na kasi ileile. Toleo la 2005 lilikuwa na diski ya pili, ikapewa Staircase Infinities, rekodi fupi ya nyimbo zilizobaki nje ya albamu hiyo. Miksi ya zamani nayo ilistahili nafasi humo, ili msikilizaji apime mwenyewe.