Sauti nzuri: tuulize mtu au tupime ubongo wake?

Fundi wa studio akimaliza kuchanganya wimbo wa kwaya pale Mwanjelwa, Mbeya, huwaita waimbaji wasikilize. Imetokaje? Wote watasema imetoka vizuri sana. Mwalimu wa kwaya amesimama pale, fundi mwenyewe yupo. Nani aseme besi imezidi? Jibu la hivyo linapima heshima, halipimi sauti.

Ndiyo maana wazo la kusoma ubongo moja kwa moja linavutia. Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924. Siku hizi msikilizaji huvalishwa kofia ya elektrodi, yaani vihisio vidogo vya kunasa umeme huo, akapigiwa sauti safi, na mara mojamoja iliyoharibika. Akiinasa kasoro, wimbi la umeme huibuka kwenye ubongo baada ya milisekunde 300 hivi. Kuna nyakati ubongo huitikia hata kasoro ambayo mwenyewe anasema hakuisikia. Hilo si dogo: adabu haiwezi kulificha.

Hata hivyo, mimi naelemea upande wa kumuuliza mtu. Umeme huo ni wa sehemu za milioni za volti. Ukipepesa macho au kukaza taya tu, unafunikwa. Inabidi sauti ileile irudiwe mara nyingi ndipo upatikane wastani wa kuaminika, na hakuna anayesikiliza kwaya namna hiyo. Halafu elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa. Dada aliyesuka rasta ama afumue, ama aachwe nje ya utafiti. Tukikubali hivyo, ubora wa sauti utaamuliwa kwa vichwa vya wengine, na hilo linaniudhi kweli.

Kubwa zaidi, wimbi linaonyesha kwamba tofauti imesikika. Halisemi kama imependwa. Besi inayomsisimua dereva wa bajaji ndiyo inayomkera mzee wa kanisa, na ubongo wa kila mmoja umeinasa.

Kuuliza nako kuna ufundi wake. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lina kipimo cha alama 1 hadi 5, kuanzia mbovu hadi bora kabisa. Kwenye majaribio ya muziki, rekodi safi huchanganywa kimyakimya na zilizoharibiwa ili kumbaini anayekisia. Studio zetu zinaweza kuanza hapo: kila mwimbaji peke yake, hedifoni masikioni, matoleo mawili bila majina, na karatasi isiyosainiwa. Kofia ya elektrodi ibaki kwa maswali ambayo mdomo hauwezi kuyajibu, kama uchovu wa kusikiliza simu inayokwaruza kwa muda mrefu.