Edward Miall: mchungaji aliyeacha mimbari akaanzisha gazeti

Mwaka 1840, William Baines, mwenye duka mjini Leicester, alitiwa jela kwa kukataa kulipa kodi ya kanisa. Kodi hiyo ilitozwa wakazi wa parokia ili kutunza jengo la Kanisa la Uingereza, hata wale wanaosali kwingine. Baines alisali kwa Mchungaji Edward Miall wa Kikongregesheni, dhehebu la Kiprotestanti lililo nje ya Kanisa la Uingereza. Mwaka uliofuata Miall aliacha uchungaji, akachangisha fedha, akahamia London na kuanzisha gazeti la kila wiki, The Nonconformist. Dai lake kuu: kanisa na dola vitengane.

Wapo waliosema alipoteza wito wake. Mwaka 1869 Matthew Arnold, mshairi na mhakiki wa Kiingereza, aliichukua kaulimbiu ya gazeti hilo, iliyojivunia upinzani wa wapinzani (yaani Waprotestanti waliolikataa Kanisa la Uingereza) na Uprotestanti wa Waprotestanti, akaifanya kielelezo cha dini finyu, inayoishi kwa kubishana. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake, kwani gazeti la hoja moja huwazoesha wasomaji wake kuona kila jambo kwa jicho hilo hilo. Lakini Arnold hakuwa na muumini gerezani. Miall alikuwa naye, na sioni mahubiri gani ya Jumapili yangemtoa Baines mle ndani. Lililohitajika ni sheria, na sheria hudaiwa hadharani, wiki baada ya wiki. Mwaka 1868 ulazima wa kodi ile ulifutwa; mwaka 1869 Bunge likapitisha sheria ya kulitenga Kanisa la Ireland, la Kianglikana, na dola. Hayo hayakuwa matunda ya Miall peke yake, ila sehemu yake ni kubwa.

Kinachonipa shida zaidi ni shule. Kwa msimamo ule ule, Miall alipinga fedha za serikali kuingia katika elimu, akiamini michango ya hiari ingetosha. Haikutosha. Watoto wa maskini katika miji ya viwanda walikosa madarasa huku watu wazima wakilinda dhamiri zao, na hapo nadhani alikosea vibaya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1870 ilipokuja, hasira yake kwamba ilizipa nguvu shule za Kianglikana ilikuwa ya haki, ila wenzake na yeye walikuwa wamechelewesha mengi.

Mwaka 1871, akiwa mbunge wa Bradford, alitaka Kanisa la Uingereza lenyewe litengwe na dola. Kura 89 zilimuunga mkono, 374 zikampinga. Waziri Mkuu Gladstone alimjibu kwamba kabla ya kulishawishi Bunge, awashawishi kwanza Waingereza wenyewe. Jibu lile liligusa udhaifu halisi wa kazi yake: kwa miaka 30 gazeti lilikuwa limewapa nguvu wale waliokwisha kukubaliana naye, na Mwanglikana wa kawaida, ambaye kura yake ndiyo iliyohitajika, hakuwa na sababu ya kulinunua.