Nani alisema rede ni ya watoto?

Mara ya mwisho nilicheza rede nikiwa darasa la sita. Siku yenyewe siikumbuki, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba ndiyo ya mwisho. Nilivunja ungo, bibi akasema msichana mkubwa harukiruki njiani, basi. Kaka zangu waliendelea na chandimu mpaka giza linaingia. Mimi nikapewa ndoo.

Miaka 30 ikapita hivyo, hadi Jumamosi moja ya mwezi Juni.

Kikoba chetu hapa Ilomba hukutana Jumamosi alasiri, uani kwa mwenzetu mmoja. Tunakaa kwenye viti vya plastiki saa mbili, wakati mwingine tatu: hisa, marejesho, faini, mfuko wa jamii, kisha chai na maandazi. Siku hiyo baridi ya Mbeya ilikuwa imeshika kweli, tumejitanda vitenge mpaka masikioni. Pembeni, karibu na lundo la mchanga lililoachwa na fundi, watoto walikuwa wanacheza rede. Hata sweta walikuwa wamezitupa ukutani.

Kwa aliyesahau: wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi iliyojazwa matambara. Mmoja, au wawili mkicheza kwa timu, yuko katikati na chupa, na kazi yake ni kuijaza mchanga bila kuguswa na mpira. Anachota, anakwepa, anaruka, anachota tena. Niliwatazama mpaka nikashindwa kukaa. Nikainuka kuomba zamu.

"Shangazi, utaweza?"

Nikavua ndala, nikafunga khanga kiunoni. Mpira wa kwanza ulinipita begani. Wa pili niliuruka. Nilikuwa nimefika robo chupa uliponikuta mgongoni, puu! "Shangazi umekufa!" Nageuka, kumbe kikao kizima kimesimama, na mweka hazina wetu, bibi mwenye wajukuu wanne, ameshafungua kilemba anakifunga kiunoni. Aliingia kimyakimya. Hakuwa na mbio, ila alikuwa na jicho. Anauona mpira ungali mkononi mwa mrushaji, anasogea hatua moja tu, mpira unapita, anainama anachota. Chupa ilijaa mpaka shingoni. Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia namna ile, na haikuwa harusi.

Nimeandika haya kwa sababu naamini tumekosea mahali. Mtu mzima tumemwachia mambo mawili: mazoezi, ambayo ni kama dozi, daktari kakuandikia baada ya kukupima presha, na kutazama, yaani kukaa na kushangilia wengine wakicheza. Mchezo wenyewe, wa kufukuzana na kucheka hadi mbavu ziume, tumeuweka kwenye kabati la utoto na kufunga.

Najua jibu linalokuja. Dada mmoja wa Uyole aliniambia usoni: "Mimi nalima viazi, nabeba magunia, nipande kilima nirudi tena kucheza?" Ana haki ya kuuliza. Lakini jembe linakuinamisha upande mmoja kutwa nzima, na mzigo haukupi nafasi ya kucheka. Rede inakupeleka kushoto, kulia, nyuma, chini, juu, na hujui mpira unatokea wapi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na kuendelea linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Nikisoma hapo namwona mweka hazina wetu na ile hatua yake moja.

Tena si wote tunaolima. Sisi wa mjini tunapanda bajaji kutoka Kabwe kwenda Mwanjelwa, mwendo ambao mama zetu waliutembea na tenga kichwani. Watumishi wa serikali angalau wana SHIMIWI, michezo yao ya wizara na idara, wanavuta kamba na kucheza netiboli. Wanaume wana timu za maveterani, Jumapili asubuhi huwakosi uwanjani. Mama lishe, fundi cherehani, muuza mitumba, wao wana nini? Wana viti vya plastiki. Hili linaniuma, na silisemi kwa kulaumu waume zetu. Wengi wetu tulijifungia wenyewe kwa kuogopa kuitwa hatuna haya.

Sasa tumeweka utaratibu: nusu saa ya rede kwanza, hisa baadaye. Mwenye goti bovu au presha anakuwa mrushaji, au anahesabu. Faini za kuchelewa zimepungua zenyewe, maana anayechelewa anakosa zamu. Wawili ambao hawakuwa wakisalimiana tangu mkopo wa mwaka jana walijikuta timu moja wiki iliyopita, mmoja anamkinga mwenzake anajaza chupa. Sikuuliza kitu.

Shida yetu ni mahali. Lundo la mchanga limekwisha, fundi amerudi kujenga, na ua ule unakuwa fremu za maduka. Viwanja vya mtaani vimeliwa hivyo hivyo, kimoja kimoja. Ila shule ya msingi iko hatua chache tu, ina uwanja mpana ambao Jumamosi jioni unabaki na mbuzi wawili. Tumeandika barua kumwomba mwalimu mkuu, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, tutafagia tukimaliza. Mwenyekiti wa mtaa ameahidi kuipeleka Jumatatu. Mke wake ameshauliza zamu yake ni ya ngapi.